Wanyika Walicheza Kwetu

Kama unanisikia kutoka Jericho, Mbotela, Kaloleni, Makadara au Mukuru, mazungumzo ya leo yanatoka mtaani kwenu. Nataka tuzungumze kuhusu bendi za zamani na watu wanaozipenda hadi leo, na ninalo swali moja. Bendi ikishavunjika na wapigaji wake wakazikwa, urithi wake hubaki mikononi mwa nani?

Tuanzie mbali, tutarudi nyumbani. Kule Liverpool, Uingereza, vijana wanne wa Beatles walipiga muziki karibu mara 300 katika klabu ya Cavern mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bendi ilivunjika mwaka 1970. Mwaka 1973 klabu hiyo ikafungwa, jengo likabomolewa na ghala la chini ya ardhi ilimokuwa klabu likafukiwa, kwa sababu ya ujenzi wa reli. Mji ukaja kujua baadaye ulichopoteza. Mwaka 1984 Cavern ikafunguliwa upya katika mtaa uleule wa Mathew Street, ikijengwa kwa matofali mengi yaliyookolewa kutoka klabu ya zamani. Mwaka 1995 shirika la National Trust, ambalo kazi yake ni kutunza majumba ya kihistoria, likachukua nyumba ya kawaida ya kupanga ya Forthlin Road alikokulia Paul McCartney. Na mwaka 2010 studio za Abbey Road jijini London zikawekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Kabla mwaka huo haujaisha, kivuko cha waenda kwa miguu kilicho mbele ya studio hizo nacho kikaingizwa kwenye orodha, kwa sababu Beatles walipigwa picha wakikivuka mwaka 1969. Mistari myeupe ya barabarani, msikilizaji, inalindwa na sheria ya nchi.

Pwani yetu nayo ina mfano wake. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Miaka mingi mgeni aliyefika Unguja akimtafuta Freddie alionyeshwa mlango tu na picha chache ukutani. Tangu mwaka 2019 ipo makumbusho yake pale Shangani. Mpenzi wa Queen akishuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam anajua anakokwenda.

Sasa turudi Nairobi. Teremka Enterprise Road, pinda Likoni Road, endelea hadi Lunga Lunga. Hii ndiyo Industrial Area unayoijua wewe: malori yamejipanga mbele ya malango, harufu ya sabuni na ya rangi, wanaume na wanawake wamesimama nje ya geti tangu alfajiri wakisubiri kuitwa kibarua. Wengi wao wametoka Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kwa miguu. Wengine wametoka Makongeni na Kaloleni, wakavuka reli. Tunaijua sehemu hii kwa mabati, kwa mafuta ya kupikia, kwa unga na kwa gereza lake. Wachache siku hizi wanakumbuka kwamba huku pia ndiko ulikotengenezwa muziki.

Huku Industrial Area ndiko kilikokuwa kiwanda cha kuchapa santuri, ambacho katika miaka ya 1970 na 1980 kilikuwa cha kampuni ya PolyGram. Muziki wa Afrika Mashariki ulipita pale. Tanzania haikuwa na kiwanda cha aina hiyo wakati huo, kwa hiyo bendi iliyorekodiwa Dar es Salaam, ikitaka santuri yake iuzwe, mara nyingi ilipitia Nairobi. Wakongo waliokuja kutafuta maisha walipitia Nairobi. Benga ya kutoka Nyanza, nyimbo za Kikamba, za Kikuyu na za Kiluhya, zote ziligeuka kuwa kitu cha kushikwa mkononi kwa joto na mvuke wa viwanda vya Nairobi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiwanda hasa. Plastiki nyeusi ilipashwa moto mpaka ikalainika kama donge la ugali. Donge likawekwa katikati ya sahani mbili za chuma zenye matuta yanayoacha mifereji ya sauti, moja ya upande wa kwanza na nyingine ya upande wa pili, pamoja na zile karatasi mbili za duara zenye jina la wimbo. Mashine ikashuka kwa nguvu, mvuke ukapita, kisha maji baridi yakapita ili plastiki igande. Mashine ikifunguliwa, santuri iko tayari, imebaki kukatwa kingo zilizofurika. Haizidi dakika moja hivi. Kisha nyingine, na nyingine, hadi shifti iishe. Muziki uliowafanya watu wacheze Jumamosi ulitoka kwenye jasho la Jumatatu hadi Ijumaa, na jasho hilo lilikuwa la watu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa jiji.

Miongoni mwa majina yaliyochapwa kwenye zile karatasi za duara, jina moja lilipendwa kuliko mengi: Wanyika.

Tuisimulie hadithi yao kama ilivyo, maana inastahili. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia Tanga, katika bendi ya Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka hadi Mombasa na hapo ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1975 wakaja Nairobi. Mwaka 1978 vijana wa bendi, wale waliobeba mapigo yenyewe, wakajitoa: Omar Shabani wa gitaa la rithimu, aliyeitwa Profesa; Tom Malanga wa besi; Rashid Juma wa ngoma; na Phoney Mkwanyule wa saksafoni. Wakaungana na John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akipiga muziki hapa Nairobi, wakaunda Les Wanyika. Mwaka 1979 wakatoa Sina Makosa, na tangu siku hiyo hapajakuwa na mwaka ambao wimbo huo haujapigwa.

Tazama vizuri ule mwaka wa 1978. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo yote gari halikuruhusiwa kuvuka Namanga wala Lunga Lunga ya Pwani kwa uhuru, biashara ilikatika, jamaa walitengana. Na katikati ya uhasama huo, kundi la Watanzania wako Nairobi wanaimba Kiswahili chao cha Tanga na Wakenya wanakikariri neno kwa neno. Mawimbi ya redio hayakuhitaji pasipoti. Mtu wa Kaloleni aliyekuwa haruhusiwi kwenda Moshi kumzika shangazi yake alilala akisikia sauti za upande wa pili. Mimi naamini Wanyika walifanya kazi ya ujirani mwema wakati serikali zilikuwa haziongei vizuri, na hakuna aliyewahi kuwashukuru kwa hilo.

Ni nini hasa kilichowakamata watu? Sikiliza rekodi yao yoyote nzuri, Paulina kwa mfano, au Pamela. Besi ya Malanga haijazi kila nafasi. Inasema neno, inanyamaza, inaacha pengo, halafu inarudi pale usipoitarajia. Gitaa la Shabani linarudia kitu kidogo kilekile kwa upole, bila kuharakisha, mpaka mwili wako unakizoea na kuanza kukisubiri. Gitaa la solo halingoji zamu yake. Linazungumza na mwimbaji muda wote, akimaliza sentensi nalo linamjibu. Hakuna anayepiga kelele. Ni muziki wa watu wanaosikilizana. Aliyeshinda kutwa nzima kwenye mngurumo wa mashine, ambako usipopaza sauti husikiki, akifika nyumbani jioni na kukuta muziki wa namna hiyo, anapumua.

Na kuna jambo moja ambalo waliokuwa na gramafoni wanalijua kwa mikono yao. Santuri ndogo ya wakati ule haikutosha wimbo mzima wa dakika nane au tisa. Kwa hiyo wimbo uliokuwa mrefu ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanachangamka. Ukifika pale katikati, sauti inafifia, na lazima mtu ainuke aigeuze. Katika chumba kimoja cha Makongeni chenye familia na wageni, kulikuwa na mtu mwenye kazi hiyo, na alijivunia. Wanaocheza walisimama walipo, wameshikana mikono, wakisubiri sindano iguse tena. Hadi leo ukimpigia mzee wa rika hilo wimbo kamili kwenye simu, mwili wake unajua pale wimbo ulipokatwa. Utamwona anatulia kidogo, kisha anaendelea.

Wanyika walizaa matawi mengi. Issa Juma alitoka Les Wanyika na kuunda Super Wanyika, akatupa Sigalame mwaka 1983. Simba Wanyika yenyewe ikaendelea kwa nguvu miaka yote ya 1980 chini ya ndugu wale wawili, ikafika hadi Ulaya, na mwaka 1992 albamu yao Pepea ikatolewa Uholanzi. Kisha vifo vikafuatana. George Kinyonga alifariki mwezi wa Desemba 1992. Wilson akafuata mwaka 1995. Omar Shabani akafariki mwaka 1998, na John Ngereza hakukaa sana baada yake. Soko nalo lilikuwa limekwisha kuharibika: kaseti bandia zilizoanza kujaa mitaani miaka ya 1980 ziliwanyima wanamuziki na makampuni chakula chao, kampuni kubwa za nje zikafunga virago, na mashine za santuri za Nairobi zikanyamaza.

Kwa hesabu ya kawaida, hadithi ingeishia hapo. Bendi imekwisha, kampuni imeondoka, kiwanda kimefungwa. Lakini Wanyika hawakuisha, na hapa ndipo ninapotaka kuwasifu watu ambao kwa kawaida hawasifiwi: wapenzi wa muziki wenyewe.

Nani aliyebeba nyimbo hizi kwa miaka hii arobaini na ushee? Hakuna wizara iliyozibeba. Alizibeba dereva wa matatu aliyenakili kaseti mpaka ikachoka. Alizibeba soja wa geti kule Lunga Lunga Road, mwenye redio ndogo inayomfanya awe macho hadi saa kumi na moja. Alizibeba mama aliyewaimbia watoto wake akifua, mpaka watoto waliozaliwa baada ya bendi kuvunjika wakajua kila mstari. Alizibeba mpiga gitaa wa baa, ambaye asipojua Sina Makosa hana kazi. Walizibeba watangazaji kama Fred Obachi Machoka, ambaye kwa kipindi chake cha Roga Roga katika Radio Citizen ameufanya muziki wa zamani kuwa ibada ya Jumamosi. Wanazibeba wauza santuri: duka la Melodica pale Tom Mboya Street, ambalo limekuwa likiuza muziki tangu miaka ya 1970, na Jimmy Rugami katika kibanda nambari 570 cha Kenyatta Market, anayekusanya santuri kuukuu, kuzisafisha na kuzipa maisha mapya. Kijana wa miaka ishirini na mitatu anaingia pale, anashika santuri kwa mara ya kwanza maishani, anaigeuza kwenye mwanga na kuona ile mifereji kwa macho yake.

Hao ndio waliotunza. Kwa hiyo swali nililoanza nalo lina jibu: urithi wa bendi unabaki kwa wanaoipenda. Lakini mapenzi peke yake hayatoshi, na hili nalisema kwa uzito wote.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanyika walicheza kwetu, ambako hapakuwa kwao. Walikuwa Watanzania wanaoishi Nairobi, na mwanamuziki mgeni wa miaka ile alijua maana ya kuhangaikia kibali cha kazi. Kwao Tanzania waliitwa bendi ya Kenya. Huku Kenya waliitwa Watanzania. Kila upande ulicheza muziki wao na kila upande ukadhani kuwatunza ni jukumu la mwenzake. Matokeo yake ni kwamba tunawajua kwa sauti na hatuwajui kwa majina. Uliza kwenye baa yoyote ya Jogoo Road ni nani aliyepiga besi katika Sina Makosa. Watu watakuimbia hiyo besi kwa midomo bila kukosea hata noti moja, na hawatajua kwamba aliyeipiga ni Tom Malanga.

Kisha kuna sheria, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti inalindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi wa wimbo unalindwa kwa muda mrefu zaidi, miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, lakini rekodi yenyewe ina saa yake inayohesabu. Rekodi ya mwaka 1979 ulinzi wake unakwisha pamoja na mwaka 2029. Baada ya hapo mtu yeyote, popote duniani anapofuata hesabu hiyo, anaweza kuichukua rekodi ile, kuiuza na kuiweka kwenye tangazo, bila kulazimika kumlipa mwenye rekodi hata senti.

Waingereza walifikia ukingo huohuo. Rekodi ya kwanza ya Beatles ilitoka mwaka 1962, na mwisho wa 2012 ulinzi wake wa miaka 50 ukaisha. Wanamuziki wao, Cliff Richard akiwa mbele, walikuwa wamepiga kelele kwa miaka mingi kwamba mpigaji mzee asinyang'anywe kipato chake akiwa bado hai. Ulaya ikasikia, na kuanzia Novemba 2013 muda huo ukawa miaka 70 nchini Uingereza. Mimi sisemi lazima tufanye vilevile. Zipo hoja nzuri za kuuacha muziki wa zamani uwe huru kwa watu wote. Ninachosema ni kwamba wao walikaa wakajadili kabla ya siku kufika. Sisi siku inakuja na hatujajadili.

Basi nini kifanyike? Nina mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza ni la sisi watu wa redio. Wimbo wa Wanyika ukipigwa, tutaje wapigaji. Tusiseme tu kwamba hiyo ilikuwa zilizopendwa na kukimbilia matangazo ya biashara. Sekunde kumi zinatosha: gitaa la rithimu Omar Shabani, besi Tom Malanga, ngoma Rashid Juma. Tukifanya hivyo mwaka mmoja, mtoto wa Buruburu atayajua majina hayo kama anavyoyajua ya wachezaji wa kandanda.

La pili ni la Kaunti ya Nairobi na wenye viwanda. Pale santuri zilipokuwa zikichapwa, na pawekwe bamba la ukumbusho. Bamba si ghali. Liseme kwamba hapa, kwa mikono ya wafanyakazi wa Eastlands, ulichapwa muziki wa Kenya, Tanzania na Kongo. Wenzetu wamelinda mistari ya rangi barabarani. Sisi hatuwezi kushindwa na kibao cha shaba ukutani. Na Nyaraka za Kitaifa, ambazo ziko katikati ya jiji, zifungue mlango kwa wafanyakazi wa zamani wa viwanda vile na wa studio, wahojiwe wakiwa bado na kumbukumbu zao. Wapo kati yetu. Wengine wamestaafu na wako hapo Umoja na Dandora, wengine walirudi Kakamega na Machakos. Historia yao haijaandikwa vya kutosha.

La tatu ni lako, msikilizaji. Ikiwa nyumbani kwenu kuna santuri za baba au za babu, usizitupe, wala usizitoe kwa bei ya chuma chakavu kwa mnunuzi anayezipeleka nje ya nchi. Kwanza soma zile karatasi za katikati. Mara nyingi zina jina la mtunzi, na jina hilo likiwa limechapwa pale kwa wino wa mwaka 1979 ni ushahidi ambao familia ya mtunzi inaweza kuuhitaji ikienda kudai haki yake. Lipige picha na ulihifadhi. Muulize mzee aliyeinunua aliinunua wapi na alicheza na nani. Andika.

Watu wa Eastlands wamekwisha kufanya sehemu ngumu zaidi ya kazi hii. Wameupenda muziki bila kuambiwa na mtu na bila kulipwa, kwa zaidi ya miaka 40. Kilichobaki ni kuongeza majina juu ya mapenzi hayo, na haki juu ya majina. Muda upo, lakini si mwingi: 2029 si mbali. Wanyika walikuja kwetu na magitaa yao, na hata wakati mpaka ulikuwa umefungwa wakatuimbia kwa lugha yetu sote. Tuwatunze sasa, wakati bado yupo mtu wa kutuambia nani alipiga nini.

Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo. Nakuaga kwa kuyataja tena majina yao: Wilson Kinyonga, George Kinyonga, Omar Shabani, John Ngereza, Tom Malanga, Rashid Juma, Phoney Mkwanyule, Issa Juma. Yashike. Kwaheri.